Yaliyosemwa Chini ya Draya

Nurkis Batista alikuwa akisema yeye hana kinyongo na mtu. Sisi tuliokua naye mtaa wa Cienfuegos, hapa Santiago, tulikuwa tukigeuka pembeni tucheke. Hana kinyongo! Mwanamke aliyemnunia shangazi yake miaka minne kwa sababu ya kipande cha keki ya ubatizo! Lakini tuseme haki: aliyofanyiwa na Licelot Tavárez yangemtia kinyongo hata mtakatifu wa kwenye fremu.

Nianzie saluni, maana yote yalizaliwa humo na humo yakafia. Saluni ya Doña Ercilia, mama yake Nurkis, ni chumba kimoja cha rangi ya waridi mbele ya nyumba yao. Kina beseni mbili za kuoshea nywele na draya tatu, zile kubwa za kofia, ambazo mtu anakaa chini yake saa nzima na rola kichwani. Doña Ercilia aliifungua miaka thelathini na moja iliyopita. Siku hizi magoti yamemgomea, kwa hiyo anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, anapokea hela na kutoa amri. Kuosha ni kazi ya Mayrení, binamu yao, mama wa hamsini na kitu mwenye mdomo usio na breki. Rola na kunyoosha ni za Nurkis.

Sasa sikia kitu kimoja kuhusu draya. Mwanamke akishafunikwa na ile kofia, hewa ya moto inamvumia masikioni hata hajisikii mwenyewe. Anadhani ananong'ona na jirani yake, kumbe anapiga kelele mpaka muuza maembe barabarani anageuka. Chini ya draya zile tulisikia mimba za nani na nani, tulisikia waume waliolala kusikojulikana, tulisikia na jina la yule mtu wa kanisani ambalo mimi silitaji. Na hapana hata moja lililotoka nje. Doña Ercilia alikuwa na sheria, hakuiandika popote, lakini kila mwanamke wa Cienfuegos aliijua: la chini ya draya halina masikio. Hukulisikia. Kama umelisikia, umelisahau. Ndiyo maana Jumamosi tulikuwa tukiipita saluni ya Brisa ng'ambo ya barabara, yenye kiyoyozi na milango ya vioo, tukaenda kujibana kwenye viti vya Doña Ercilia vilivyopasuka migongo.

Nurkis alikuwa na miaka thelathini na nane, na ishirini na nne kati ya hiyo alikuwa amesimama. Mishipa ya miguu ilikuwa imemtoka. Alichotaka duniani ni kazi ya kukaa. Na kazi ya kukaa mjini kwetu ni moja: kituo cha simu, ambako watu wanavaa hedifoni na kusikiliza Wamarekani wakilalamika kwamba friji zao hazigandishi. Ili uingie, unapimwa na mashine. Unasoma sentensi kumi za Kiingereza mbele ya kompyuta, mashine inasikiliza matamshi yako na kukupa alama. Sabini na tano umepita.

Msimamizi wa mtihani alikuwa Licelot Tavárez. Huyu ni mtoto wa mtaa wetu, nyumba ya sita kutoka saluni, lakini kwake huwezi kumwita Licelot tu, ni Miss Lisi, kwa sababu eti alikulia Nueva York, kule Marekani, tangu ana miaka tisa hadi ishirini. Kiingereza kilikuwa kikimtoka puani. Hata salamu ya asubuhi alikuwa hawezi kuimaliza bila kuikatia kipande cha kigeni. Kila Jumamosi Nurkis alimseti nywele, na kila Jumamosi alimpa moyo: "Njoo ujaribu, shoga. Mimi nitakuwepo. Utaogopa nini?"

Basi akaenda. Akavaa blauzi nyeupe ya kuazima, akakaa mbele ya kompyuta, feni la ukutani likiunguruma. Alisoma akijikwaa, akihema, akirudia. Wakati wote Licelot alikuwa amesimama nyuma yake na simu mkononi, na Nurkis alidhani anamwandikia mtu ujumbe. Mwisho mashine ikasema kwa sauti yake ya upole: arobaini na moja kwa mia, tafadhali jaribu tena.

Kabla hajafika nyumbani sauti yake ilikuwa imeshafika. Licelot aliitupia kundi la simu la mtaa, na vikaragosi vinne vya kucheka. Tiburcio mwenye duka la kona, ambaye ana spika mbili ndefu kuliko yeye mwenyewe, akausimamisha muziki wake wa bachata katikati na kuipiga sauti ile. Mtaa mzima ukamsikia Nurkis akihema kwa Kiingereza, kisha ile mashine ikitoa hukumu. Wazee wanaocheza dhumna kwenye kibaraza cha duka wakagonga meza wote kwa pamoja: "Arobaini na mojaaa!"

Likawa ndilo jina lake. Akienda kununua mayai: "Arobaini na Moja, karibu!" Akipita na ndoo: "Arobaini na Moja, jaribu tena!" Padri mwenyewe, mtu mzima, aliuma mdomo alipompa komunyo. Nurkis alikuwa akicheka nao mdomoni, kisha akirudi chooni kwake anauma taulo. Alilia mpaka akaona haya mbele ya taulo.

Jumamosi iliyofuata Licelot huyo, kaja, kakaa kwenye kiti kana kwamba hakijatokea kitu.

"Ai, shoga, hujakasirika, eh? Ulikuwa utani tu. Unajua watu wetu walivyo."

"Mimi? Nikasirike na nani, Miss Lisi?"

Akamfunga rola. Alizikaza siku hiyo hata nyusi za Licelot zikapanda juu kama za mtu aliyeshtuliwa, na machozi yakamlenga, na hakuthubutu kusema inauma. Mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu kovu lenyewe lilikuwa bado bichi.

Jioni ileile Nurkis akaweka kwenye simu yake programu ya kujifunza matamshi, inayotumia mashine ya aina ileile. Unasoma, inakusikiliza, inakupa alama, inakuhifadhia sauti yako. Ilimwuliza kwanza: lengo lako ni nini? Kazi, safari, masomo, au mengineyo? Kisasi hakikuwemo kwenye orodha. Akabonyeza mengineyo.

Miezi minane, jamani. Miezi minane mwanamke yule aliisimamisha simu kwenye kirafu karibu na draya ya mwisho, penye soketi, akawa anafunga rola huku anasoma. Sentensi ya kwanza kabisa ya somo la kwanza ilihusu bibi anayenunua samaki sokoni siku ya Alhamisi, na ilikuwa imejaa ile sauti ya ulimi katikati ya meno, ambayo wewe msomaji ukisema "thamani" unaitoa bila kutokwa jasho, lakini sisi huku, watu wa Kihispania, hatukuzaliwa nayo. Nurkis alikuwa akiitoa na pini za nywele mdomoni.

"Utaumeza huo ulimi," Mayrení alimwambia akisugua kichwa cha mtu. "Halafu mimi nitawaambia nini majirani? Kafa kwa Kiingereza?"

"Waambie kafa akiwa na tisini."

"Tisini! Juzi si ulikuwa na arobaini na—"

"Malizia, Mayrení. Malizia uone."

Mayrení akaongeza sabuni.

Kitu kimoja alikigundua mapema, na ukikumbuke maana kitarudi. Sentensi ileile akiisoma chooni alfajiri, nyumba ikiwa kimya, alipata sitini na mbili. Akiisoma saluni, draya ikiunguruma, alipata arobaini. Alijaribu mara nyingi, jibu ni lilelile: kelele ya draya inakula alama ishirini nzima. Akakumbuka lile feni la ukutani siku ya mtihani. Akakumbuka pia nani alikuwa amesimama karibu na swichi ya feni. Mtu mwingine angehamia chooni moja kwa moja. Yeye, mkaidi, akabaki na draya. Alitaka Kiingereza ambacho hata kelele haikiwezi. Kila ulimi ukimchoka alikuwa akiiona sura ya Licelot siku atakapomwekea namba mbele ya pua, basi anaanza upya. Kufikia Mei alikuwa anapata themanini na moja huku draya zote tatu zinavuma. Alikuwa ameshaandikisha jina mtihani wa Juni.

Doña Ercilia alikuwa akimsikia kutoka mlangoni. Hakuwahi kusema neno, si zuri si baya. Mama yule sifa kwake ni kama jino, haing'oki kirahisi.

Tukafika Jumamosi ya kuamkia Siku ya Mama. Hiyo siku saluni hapana pa kuweka kisigino, maana kila mwanamke anataka kupendeza kanisani kesho yake. Licelot akaja mapema, hana raha. Tulijua baadaye kwamba Ijumaa wakubwa wa kituo walikuwa wanatoka nje ya nchi kuja kuwapima wasimamizi wote, kwa mashine ileile. Yeye hakusema. Alifungwa rola, akaomba draya ya mwisho, ile ya ukutani, akajichomeka hedifoni masikioni chini ya pamba ya kukinga joto, akaificha simu chini ya taulo, akafumba macho.

Simu ya Nurkis ilikuwa palepale kwenye kirafu, imefunguliwa, inamngoja yeye asome. Ikalia. Nurkis akageuka na rola mkononi. Kioo cha simu kilikuwa kimeandika: thelathini na nane kwa mia. Jaribu tena.

Lakini yeye alikuwa hajafungua mdomo.

Ndipo aliposikia. Chini ya kofia, macho yamefumbwa, shingo imetoka mishipa, Licelot alikuwa anapiga kelele akidhani ananong'ona: bibi, samaki, soko, Alhamisi. Somo la kwanza. Sentensi ya kwanza. Aliikosea palepale anapoikosea kila mtoto wa Cienfuegos, akarudi mwanzo, akaikosea tena. Simu ya Nurkis ikaandika thelathini na sita. Ikaandika thelathini na nane. Kila mara ikahifadhi sauti.

Nueva York! Miaka kumi na moja Nueva York, na bibi hajafika sokoni!

Nurkis alisimama, rola mkononi. Mayrení alikuwa ameacha bomba la maji linatiririka. Na hapo hapo wakakata umeme.

Draya zote tatu zikazimika kwa mpigo. "Wamekata hao!" watu wakasema, kama tunavyosema siku zote. Halafu kukawa kimya, na katikati ya kimya kile Licelot, masikio yamezibwa, akapaza sauti mara moja zaidi, wazi kabisa, akamwangusha yule bibi na samaki wake sakafuni.

Wanawake saba walikuwemo ndani. Hakucheka hata mmoja. Mmoja akatazama dari. Mwingine akaanza kutafuta kitu kwenye pochi. Mayrení alifungua mdomo, Doña Ercilia akamtazama, ukafungwa.

"Hivi nyie," Doña Ercilia akasema, anajipepea na kipande cha boksi, "mihogo ya mwaka huu mbona ina nyuzi hivi?"

"Nyuzi tupu!" wakadakia wote. "Nyuzi tupu, Doña! Hata ukichemsha kutwa!"

Wakausema muhogo huo mpaka ukaisha. Licelot akafumbua macho, akachomoa hedifoni, akaona draya imekufa, akaona migongo ya watu. Alielewa. Macho yake yakamtafuta Nurkis kwenye kioo, na yalikuwa yanaomba.

"Nurkis, mpenzi," alisema, na Kiingereza cha puani hakikuwemo hata chembe. "Umeme utachelewa?"

"Utarudi. Tulia."

Aliitoa simu yake kwenye kirafu, akaitia mfukoni mwa aproni.

Walipoondoka wote, Doña Ercilia hakungoja hata Mayrení amalize kufagia.

"Nimeyaona hayo macho yako. Ya leo yamezikwa leo."

"Ya kwangu yalizikwa, Mama? Au yalipigwa kwenye spika?"

"Ya kwako uliyasema kwenye kompyuta ya watu. Huyu kayasema kwenye draya yangu."

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti ni mimi," alisema Doña Ercilia. "Miaka thelathini na moja, mwanangu. Wanawake wananikabidhi vichwa. Unadhani wananikabidhi nywele?"

Nurkis akaanza kukusanya rola. Unajua kilichomwuma zaidi? Si kwamba Licelot ni mwongo. Kilichomwuma ni ule muhogo. Wanawake saba walikimbia kumsitiri yule, yule aliyemvua yeye nguo mbele ya mtaa, na siku yake yeye hakuna aliyekumbuka muhogo wala kiazi. Siku yake waligonga meza.

Jumapili baada ya misa alikaa kitandani na viatu vya kanisani bado miguuni. Akaifungua ile sauti. Ilikuwa safi: mngurumo wa draya, kelele za Licelot, kisha mashine yenyewe ikisoma hukumu, thelathini na nane kwa mia. Alijua namba ile si ya kweli. Alijua kuliko mtu yeyote mjini kwamba draya imekula ishirini humo, na kwamba Licelot, kwenye chumba kimya, ni mtu wa karibu sitini. Alijua. Haki? Nani aliitaja haki feni lilipokuwa linavuma? Chini ya sauti palikuwa na kitufe na maneno: mshirikishe rafiki. Akamtumia Tiburcio.

Tamu, usiulize! Walikuwa wamekaa mezani, mama na bintiye, na keki ya Siku ya Mama yenye mananasi, wakati bachata iliposimama huko kona. Kijiko cha Doña Ercilia kikabaki hewani. Sauti ya Licelot ikaja juu ya mapaa, na nyuma yake vicheko, na nyuma ya vicheko meza ya dhumna ikigongwa: "Thelathini na naneee! Malipo ni hapahapa duniani!" Nurkis alicheka. Alicheka hata keki ikamkaba, akapigwa kikohozi, akacheka tena. Miezi minane ilimtoka tumboni yote. Aliposikia wanaipiga mara ya pili, alifungua dirisha ili asikie vizuri. Mama yake akaweka kijiko chini, akanyanyuka kwa kushika meza, akaenda kulala na nguo zake za kanisani.

Jumatatu asubuhi Licelot alipita akienda kazini, miwani ya jua usoni, nywele zile alizosetiwa na Nurkis bado nzuri. Wazee wa dhumna wakamwimbia namba yake. Wanawake walikuwa milangoni wanafagia, na wao wakicheka, maana walidhani, kama sisi sote, kwamba ni sauti ya mtihani imevuja huko kazini, na ule mngurumo ni wa feni. Nurkis alikuwa amejipanga mlangoni tangu saa moja. Hakutaka kuikosa.

"Miss Lisi!" aliita, akaikunja mikono kifuani. "Jaribu tena!"

Licelot akasimama. Tukajua sasa ni vita, mimi mwenyewe niliacha ufagio. Akaivuka barabara, akaja mpaka kwenye kizingiti, akavua miwani. Macho yalikuwa yamevimba.

"Nilikuwa kwenye draya, Nurkis."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kitu alichosahau.

"Nilikuwa kwenye draya yenu," akarudia, akavaa miwani, akaenda zake.

Sasa mtaa wetu una kelele, lakini neno likitakiwa kusikika linasikika. Vicheko vikakatika mlango kwa mlango. Ufagio wa mmoja ukasimama, na wa mwingine. Kila mwanamke alikuwa anakumbuka lake alilolisema pale, na tarehe yake. Hata meza ya dhumna ilinyamaza, kwa sababu wale wazee nao wana wake.

Licelot hakungoja mtihani wa wakubwa. Jumatano alikwenda kwa bibi yake Mao, mji mdogo wa humuhumu nchini, ambako, kumbe, ndiko alikokulia hiyo miaka kumi na moja yote. Nurkis aliambiwa, akasema, "Afadhali." Alikuwa ameshashinda. Alijiambia hivyo kila siku ya wiki.

Jumamosi akawasha draya tatu mapema zipate moto.

Wateja walikuja. Nisimsingizie mtu, walikuja, wakamsalimu vizuri. Wa kwanza akaoshwa, akafungwa rola, kisha badala ya kwenda kukaa akajifunga kitambaa juu ya rola zake.

"Leo jua kali, mwanangu. Nitakaukia nyumbani."

"Lakini draya ziko tupu."

"Nimeacha maharage motoni."

Wa pili naye maharage. Wa tatu alikuwa na mgeni. Wanatoka mlangoni kwa Nurkis na vichwa vibichi vya rola, wanavuka barabara, wanaingia kwa Brisa. Hawakujificha wala nini. Kufikia saa sita milango ya vioo ya Brisa ilikuwa imeachwa wazi maana foleni imemwagika nje, na kila kichwa kwenye foleni ile kilifungwa na mikono ya Nurkis. Kwake draya zilikuwa zinapuliza hewa ya moto juu ya viti vitupu. Mwishowe akazizima.

"Mama, waambie kitu," alisema. "Wewe wanakusikiliza. Yule ndiye aliyeanza! Waambie yule ndiye aliyeanza!"

Doña Ercilia alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki. Alitazama mikono yake, kisha akainuka, akaja akakaa mbele ya kioo.

"Niseti na mimi," alisema.

Nurkis alimwosha mwenyewe. Akamfunga rola moja moja, taratibu, zile za waridi, ndogo, kwa sababu nywele za mama yake zimebaki chache. Alipomaliza akaivuta kofia ya draya ya katikati, akaipangusa vumbi kwa taulo.

Doña Ercilia akatoa kitambaa mfukoni, akakifunga juu ya rola.

"Mama. Unakwenda wapi? Draya hizi hapa."

"Nina mambo yangu ya kusema, mwanangu. Natafuta pa kuyasemea."

Akachukua fimbo yake. Magoti yale yalimchukua muda mrefu kufika barabarani. Mayrení alifunga bomba, akajifuta mikono, akatoka mbio kwenda kumshika mkono, na hakurudi. Nurkis aliwaona wanavuka. Aliwaona wanawake wa foleni wakimpisha mama yake, wakamkalisha kwenye draya ya kwanza karibu na mlango.

Simu ikalia kwenye kirafu. Ilikuwa inamkumbusha tu: hujafanya mazoezi leo. Aliisogelea kwa mazoea, bila nia, akaibonyeza. Akasoma. Bibi, samaki, soko, Alhamisi. Hapakuwa na draya, hapakuwa na bomba, hapakuwa na mdomo wa Mayrení. Ulimi ulikwenda ulikotakiwa kwenda.

Mia kwa mia, ikaandika simu, na kurusha vile vikaratasi vyake vya rangi. Hongera. Mshirikishe rafiki?

Alikuwa bado ameishika hivyo, anatazama kitufe, sauti ilipokuja kutoka ng'ambo. Alikuwa mama yake, chini ya draya ya Brisa, hewa ya moto masikioni, akidhani anamnong'oneza jirani, na barabara nzima inasikia.

"Miezi minane namsikia kila siku! Nikijisemea huyu atafika! Alikipata hicho Kiingereza, nakwambia, kikanyooka kabisa! Alikuwa ameshashinda, mjinga yule! Alikuwa ameshamshinda kabla ya yote haya, na mimi sikumwambia!"

Bachata ya Tiburcio ilikuwa imezimwa siku hiyo. Nurkis alisikia kila neno, na sisi tuliokuwa kwenye foleni tulisikia. Mmoja wetu akauliza kwa sauti habari za mihogo, na wengine wakadakia. Hakuna aliyemtajia Nurkis neno lile, hadi leo.